Moto Ukikataa Kuwaka, Inua Mukeka

Mwaka wa sabini na tisa, nikiwa na miaka tisa, taabu ilipiga hodi kwetu mara ya kwanza, na haikungoja tuifungulie. Baba yangu alikuwa muvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hapa Keshero, Goma. Asubuhi moja mbuzi wetu aliingia ndani ya shimo, kati ya yale mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zamani, akalala humo kama aliyesinzia. Baba alishuka kumuchukua. Aliinama ashike kamba, hakuinuka tena. Hakuna nyoka aliyemuuma, hakuna adui aliyemupiga. Ni ule upepo mubaya tunaouita mazuku. Unatoka chini ya udongo, hauonekani, hauna harufu, ni muzito, na unajaa kwenye mashimo kama maji yanavyojaa beseni. Majirani walimuvuta baba kwa kamba na ndoano ya mutumbwi. Mbuzi wakamuacha hukohuko.

Mwezi uleule nikaacha shule, darasa la tatu. Nikapelekwa kwa shangazi, nikaanza kuuza sambaza kando ya barabara. Kwa hiyo mahali nimeandika vibaya, cheka kidogo, kisha endelea kusoma.

Mwanangu, ninakuona kila wikendi. Munafunga vyombo, munabeba jiko la mbabula na makala ya kuwashia, munakwenda kula kando ya ziwa, telefone mukononi. Sikukatazi. Mimi mwenyewe ninapenda chakula hicho kuliko karamu ya harusi. Sambaza waliotoka ku mutumbwi asubuhi, wanakaangwa wazimawazima mupaka wanalia mudomoni, ndimu juu, pilipili pembeni. Ndizi ya kuchoma. Avoka inayojikata yenyewe. Fromaji, jibini ya Masisi, kipande kinene, si vile vinyoya munavyokata siku hizi. Hakuna mutu atakayeniambia samaki wa friji ana utamu huu, hata awe na diploma ya samaki. Lakini kuna dimanshi moja, Jumapili kama hizi zenu, nilikwenda kula hivyohivyo na sikuonja hata mukia wa sambaza, na karibu turudi nyumbani na maiti ya mutoto. Hiyo ndiyo ninataka uisikie.

Nilikuwa nimekwisha kuwa musichana mukubwa. Paluku, ambaye wewe unamujua kama muzee mwenye tumbo, alikuwa kijana musaidizi wa lori la Butembo. Alinunua sambaza kwangu safari hii na safari ile, mupaka nikajua hawezi kuwa na njaa kiasi hicho. Akasema wazazi wake watashuka kuja kunitazama. Watapita Rumangabo, watalala Goma, na dimanshi baada ya misa ya kwanza tutakwenda pamoja ku ziwa, kwa sababu muzee wake hajawahi kula sambaza wa kutoka majini moja kwa moja.

Shangazi aliniita jikoni, akanishika sikio kama mutoto mudogo.

"Sikia. Musichana anayetazamwa hasemi mupaka mama mukwe amuulize. Ukiulizwa, jibu fupi. Usifundishe watu wakubwa kitu. Musichana anayefundisha wakwe anarudi kwao kabla chungu hakijapoa. Na wewe ni yatima, umesikia? Yatima hapewi nafasi ya pili."

"Nimesikia, shangazi."

"Usiniaibishe."

Ndiyo desturi tuliyolelewa nayo. Wewe leo unamutumia mama mukwe picha za kucheka kwa telefone, lakini sisi mudomo wetu ulikuwa na mulango, na ufunguo ulikaa kwa wengine.

Dimanshi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku. Asubuhi mawingu yalikaa chini kama kifuniko, hata jani halikutikisika. Tulikwenda kwa muguu: Paluku, baba yake, mama yake, na dada yake mukubwa, Masika, aliyebeba mutoto wake wa kiume mugongoni. Mutoto huyo, Kambale, alikuwa bado hajaanza kutembea. Walikuwa na kuku waliyemununua Kalengera, siku waliposhuka kuja Goma, mweupe, munene, amefungwa miguu kwa kamba ya mugomba. Kuku huyo alipiga kelele njia nzima. Mimi nilibeba beseni ya sambaza kichwani na sikusema kitu.

Karibu na maji, baba yake Paluku, Papa mukwe, akaona mahali. Palikuwa shimo pana kati ya mawe, chini yake majani mabichi, laini, kama zulia. Lilikuwa ndugu wa lile shimo lililomuua baba yangu. Niliangalia majani yale, nikaona panzi wamekufa juu yake, na mijusi, wanaojaa kila jiwe la Goma, humo hakuna hata mumoja.

"Hapa ndiyo hapa!" Papa mukwe akasema. "Majani laini, upepo hakuna. Kwetu Lubero, mutu wa akili anaficha moto ku bonde. Moto wa juu ya kilima unapikia upepo."

Umuelewe, mwanangu. Hakuwa mujinga. Kule kwao milimani upepo ni baridi, unaiba moto, unapoza chakula kabla hujakiweka mudomoni. Mutu wa kule akitafuta mahali pa kupika, anatafuta chini. Akili yake ilikuwa nzuri, ila ilikuwa akili ya kwao, na mawe haya yalikuwa ya kwetu.

Wakashuka. Mama mukwe peke yake alibaki juu, akakaa ku jiwe, kwa sababu ya magoti. Masika alitandika mukeka chini kabisa, akamufungua Kambale mugongoni, akamulaza. Kuku wakamuweka kando ya mutoto. Mimi nilibaki pembeni juu na beseni yangu, nikianza kusafisha samaki, jicho moja ku mukeka.

Nilikohoa. Nikasema, "Papa..."

Masika akainua kichwa, akacheka. "Ee! Kumbe eko na sauti! Tuliambiwa tunaletewa bubu!"

Papa mukwe akacheka pia. Mama mukwe hakucheka. Alinitazama mara moja tu, muda wa kupepesa macho, na mimi nikasikia kidole cha shangazi ku sikio langu. Nikameza neno. Lilishuka kama mufupa.

Nikajaribu kwa Paluku. Yeye alikuwa katikati ya njia ya kushuka, na mufuko wa makala begani. Nikamukazia macho, nikamuonyesha shimo kwa kidevu, mara ya kwanza, mara ya pili. Unajua alifanya nini? Alitabasamu, akarekebisha kola ya shati. Wanaume, mwanangu! Umuonyeshe kifo kwa macho, anafikiri umemupenda zaidi.

Masika akawasha mbabula. Makala yalishika kidogo, yakawa mekundu, kisha yakafifia kama mutu anayefunga macho. Akapuliza. Yakafifia zaidi.

"Makala ya Goma ni kama vijana wa Goma," akasema, "yanapendeza tu yakiwa ndani ya mufuko."

"Leta kibiriti," Papa mukwe akasema. Akawasha kimoja, akakishusha, kikazimika. Akawasha kingine, kikazimika mahali palepale, kama kuna mutu anayekipuliza. "Kibiriti hiki kimelowa. Paluku, lete chako."

Cha Paluku nacho kikazimika.

Mimi niliyajua yale. Mutoto yeyote wa Keshero anayajua. Moto na mutu wanavuta hewa ileile. Mahali moto unakufa, mutu yuko kwenye foleni. Lakini Papa mukwe na Masika walikuwa wamekaa wima ku mawe, vichwa vyao bado juu ya ule upepo. Uliokuwa chini kabisa ni mukeka. Nikawa ninajidanganya: labda ni kidogo tu, labda jua litatoka na upepo wa ziwa utafagia. Nikaomba Salamu Maria, nikapotea katikati, nikaanza tena. Upande mumoja kulikuwa nyumba yangu, mume wangu, jina langu. Upande mwingine mutoto wa mutu. Ukisikia leo unasema, ah, hiyo si ya kufikiria. Njoo ukae juu ya jiwe lile, uwe yatima, uwe unatazamwa, kisha uniambie.

"Afadhali kuku imenyamaza," Masika akasema. "Toka Kalengera inatutukana."

Ni kweli. Kuku alikuwa kimya. Nilimuangalia. Mudomo wake ulikuwa wazi, kifua kinakwenda mbio. Kisha shingo ikalala juu ya majani, polepole, na jicho likafunikwa na ile ngozi nyeupe.

Papa mukwe akamugusa kwa ncha ya kiatu. "Imechoka na safari. Lete kisu haraka, ingali na moto, nyama haijaharibika."

"Kichwa kinaniuma," Masika akasema, akipiga miayo. "Ni hili jua."

Jua gani? Mbingu ilikuwa kama sufuria kuukuu.

Kati ya kuku na uso wa Kambale, kiganja kingeenea.

Basi. Sikuamua, mwanangu, mwili uliamua. Nilitupa beseni, sambaza wote wakamwagika juu ya mawe. Nikavuta hewa juu kule, nikaifunga kifuani, nikashuka. Sikuinama polepole, nilimunyakua mutoto kwa nguo yake kama unavyonyakua kitu motoni. Masika akashika kikwembe changu, kitambaa nilichojifunga kiunoni.

"Anaiba mutoto! Mama! Paluku umetuletea muchawi!"

Na mimi siwezi kujibu! Kufungua mudomo pale ni kunywa upepo ule. Ananivuta, ninamuvuta, kifua kinaungua, ninataka kumuambia na siwezi. Nikajizungusha, kikwembe kikabaki mukononi mwake, nikapanda na jupon tu, sketi ya ndani, mbele ya baba mukwe. Ndiyo, cheka. Siku ile hakuna aliyecheka. Masika alinifuata mbio akinilaani, na kule kunifuata ndiko kulimutoa.

Nilipofika juu nikapiga kelele mupaka koo ikapasuka. "Ni mazuku! Pandeni! Papa, panda!"

Papa mukwe alisimama. Alinisikia. Lakini mutu aliyenunua kuku munene hamuachi hivihivi. Aliinama amuokote.

"Papa, acha kuku! Baba yangu alifia mbuzi!"

Neno hilo nafikiri ndilo lilimufikia Paluku. Goti la muzee lilikuwa limekwisha kukunjika. Paluku alimushika kola ya koti kwa nyuma, akamukokota kinyumenyume ku mawe, kiatu kimoja kikabaki chini.

Lakini mimi sikuwa ninawaangalia wao. Kambale hakulia. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilikimbia naye mupaka kwenye maji, mahali hewa ya ziwa inapita, nikamupulizia usoni, nikamunyunyizia maji, nikamusugua nyayo. Masika alifika nyuma yangu. Alikuwa ameacha kuniita muchawi, sasa alikuwa anamuita Mungu. Kichwa cha mutoto kilikuwa kinaanguka huku na huku, kama shingo ya yule kuku.

"Lia," nikamuambia. "Lia, nakuomba. Lia, wewe!"

Akakohoa. Akatapika maziwa kifuani mwangu. Kisha akalia, kilio cha hasira, kama mama wa soko aliyekanyagiwa nyanya. Masika alianguka juu yetu wote wawili.

Baadaye tulikaa juu ya mawe, mahali pa wazi. Papa mukwe alikuwa ametapika, anashika kichwa, muguu mumoja hauna kiatu. Masika alinifunga kikwembe changu kiunoni yeye mwenyewe. Na mimi ndipo hofu ya pili ilinishika. Nilikuwa nimevua nguo mbele ya mukwe. Nilikuwa nimemupigia muzee kelele. Nilikuwa nimemwaga chakula. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kutengeneza maneno ya kumuambia shangazi.

Mama mukwe akaniita. "Njoo hapa."

Nikapiga magoti mbele yake.

"Ulijua toka wakati gani?"

"Toka Papa alipopachagua, mama."

"Kabla ya mukeka?"

"Kabla, mama."

"Na ulinyamaza mupaka kuku akafa."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa kwa kusema. Sikuwa nimejitayarisha kwa hili. Nikasema, "Shangazi aliniambia nisifundishe watu wakubwa."

Yule mama hakupandisha sauti. Alizungumza kama mutu anayechambua maharagwe.

"Sikia, binti. Sisi tumetoka mbali kuja kutafuta mutu. Hatukuja kutafuta chungu. Chungu ndicho kinanyamaza hata kikiungua. Mimi nilikuona unakohoa. Nilikuona unamukazia mwanangu macho. Nikasema moyoni, huyu ana neno, ngoja nione kama atalitoa. Umelitoa, ndiyo. Umelitoa wakati mujukuu wangu alikuwa amekwisha kubadilika rangi. Tungemuzika leo, tungemufunika na hiyo heshima yako?"

"Hapana, mama."

"Mugeni ni kipofu. Wewe mwenyeji ndiye macho yake. Macho yakiwa na adabu ya kutotazama, mutu anaanguka. Mimi pia nina kosa, nilitazama mudomo wako badala ya kuufungua. Lakini langu nitalijibu kwa Mungu. Lako ninakuambia mimi."

Papa mukwe, na kichwa chake kinauma, akasema kutoka kule alikokaa, "Na yule kuku basi..."

"Wewe nyamaza na kuku wako!" mama akamujibu. "Shuka umufuate, nibaki mujane na kiatu kimoja!"

Ndipo Paluku akacheka, akacheka mupaka machozi, na nikaona ni machozi kweli.

Mama mukwe akanishika bega, akainuka. "Kesho nitakwenda kwa shangazi yako. Kwanza nitagombana naye juu ya mafundisho yake. Tukimaliza, tutaongea mambo ya harusi."

Na alifanya hivyo, kwa mupango uleule. Waligombana kwanza.

Kambale leo anaendesha lori njia ya Kanyabayonga. Akija hapa anakula sambaza sahani nzima, anaomba nyingine, na mimi ninamupa. Lakini maneno ya yule mama sijayasahau. Niliyachukia juma zima, kwa sababu nilitaka sifa. Nilitaka aniambie nimeokoa mutoto. Miaka imepita ndipo nimejua kwamba mutu aliyekusifu anakuacha pale ulipo, na mutu aliyekugombeza vizuri anakusogeza. Wahenga walisema heshima si utumwa. Mimi niliusikia musemo huo maisha yangu yote, ila siku ile ndiyo niliuelewa, na karibu niuelewe juu ya kaburi.

Sasa nasaha yangu ni hii, na ninaisema wazi kwa sababu sipendi maneno ya kuzunguka. Nenda, ule. Kula vya hapa, vibichi, pamoja na watu unaowapenda. Mungu hakuumba ziwa hili tulitazame kwenye picha. Lakini ukifika mahali, usianze na picha, anza na swali. Muulize mutu wa hapo, hata akiwa mama anayefua nguo: hapa panakaliwa? Tandika juu, mahali hewa inapita, hata kama majivu yatakuingia machoni. Mutoto asilale chini kwenye shimo hata kwa dakika. Moto ukikataa kuwaka, usigombane na kibiriti. Inua mukeka, inua watoto, panda, kisha ndiyo uulize kwa nini. Kitu kikianguka ndani ya shimo, iwe kuku, iwe telefone ya bei kubwa, kimekwisha kuwa cha shimo. Usikiinamie.

Na wewe binti, na wewe kijana unayeogopa wakubwa: siku utakapoona hatari nao hawaioni, fungua mudomo. Sema kwa adabu mara moja. Wasiposikia, piga kelele. Wakikufukuza, utafukuzwa watu wakiwa hai. Mukwe anayekutupa kwa sababu umemuokoa, shukuru amejionyesha mapema. Na wewe mukubwa mwenzangu, ukiona mutoto anakohoa mbele yako na ana neno kooni, usimutazame tu. Muulize.

Wengine wanasema huyu mama anaongea sana, alisoma wapi. Sikusoma. Nina nyumba ya mawe hapa Keshero, bati mupya. Nina nyingine ya mbao, ninapangisha. Nina mitumbwi miwili na nyavu zake. Nina friji moja, ya soda tu. Nina mahali pa kulia sambaza, juu kwenye mawe, viti vya plastiki, na hakuna mutu aliyekula pale akakosa kurudi kwake. Nina mume mwenye tumbo. Nina wakwe wawili waliolala makaburini Butembo, ninawaombea misa. Nina watoto wanaonijibu, na ninawaacha wanijibu.

Mungu akupe chakula kilichotoka majini leo na udongoni leo. Akupe watu wa kula nao mupaka sahani ziwe nyeupe. Akuweke kila mara mahali hewa inapita. Na ukiwa mudogo kati ya wakubwa, akupe sauti, na awape wao masikio.